Jeraha la Goti na Amana ya Kalamu

Katika wadi ya Ganda, magharibi ya mji wa Malindi, ambako wagema hupanda minazi na kotama zao, wakulima hufyeka mashamba kwa mapanga, na vijana wa bodaboda huchukua abiria kwenda na kurudi mjini, goti ni kiungo kisichosalimika kwa urahisi. Likipasuka huoshwa, hushonwa, hufungwa bandeji, na mwenyewe hurejea nyumbani akidhani kwamba habari imekwisha. Lakini iko kazi nyingine, isiyotoka damu wala kusikika, ambayo taksiri yake huweza kumdhuru majeruhi kuliko panga lenyewe: nayo ni kazi ya kuliandika jeraha lile kama lilivyo.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba goti si ngozi na nyama tu. Nyuma ya kilegesambwa, yaani ule mfupa wa duara ulioko mbele, mna mfuko wenye majimaji yanayolainisha kiungo, na jeraha lililopenya hata humo, ijapokuwa mdomo wake ni mdogo, huweza kuingiza vijidudu vitakavyokiharibu kiungo kwa siku chache na kumwacha mtu kiwete. Kwa sababu hiyo tabibu mwenye hadhari hupima urefu na kina cha jeraha, hutazama kama mna mchanga, kigae au mwiba, humtaka majeruhi akunje mguu na kuunyosha, huhakikisha kwamba damu na hisi zingali zikifika vidoleni, na huuliza habari za chanjo ya pepopunda. Akiyafanya yote hayo asiyaandike, kisha ikalazimu majeruhi apelekwe hospitali ya Malindi au ya Kilifi, watakaompokea hawana budi kuanza upya, hali kila saa ipitayo ni faida kwa vijidudu.

Maandishi hayo ndiyo yanayomwezesha karani wa kumbukumbu za hospitali kulipa jeraha msimbo wake, yaani herufi na tarakimu zinazofahamika ulimwenguni kote. Asili ya utaratibu huu ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kukubaliwa na wanatakwimu mjini Chicago mwaka 1893. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliipokea na kuipanua, ikaingiza pia maradhi na majeraha ya walio hai. Toleo la 10 likaidhinishwa mwaka 1990, na la 11 likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Katika toleo la 10, jeraha lililo wazi la goti ni S81.0. Goti lililovilia damu pasipo kupasuka ni S80.0, kilegesambwa kilichovunjika ni S82.0, na jeraha likiwa pajani ni S71.1. Wamarekani, katika nakala yao wanayoitumia tangu Oktoba 2015, wamezidi kupambanua: S81.011 ni mpasuko wa goti la kulia usio na kitu kilichobaki ndani, S81.012 ni wa goti la kushoto, na S81.051 ni goti la kulia lililoumwa kwa meno. Kisha huongeza herufi ya kuonyesha kama majeruhi yumo katika matibabu ya awali, au anaendelea kupona, au anauguza athari zilizobaki.

Basi karani apokeapo karatasi iliyoandikwa “jeraha la mguu” na hapana zaidi, afanye nini? Mguu upi, mahali gani, kwa sababu gani? Haruhusiwi kubuni, naye si shahidi wa tukio. Maadamu tabibu amenyamaza, msimbo nao hunyamaza.

Na sababu ya jeraha ina msimbo wake pia, mbali na ule wa jeraha. Mgema aliyeanguka kutoka mnazini huandikiwa W14. Aliyeumwa na mbwa, W54. Na aliyekuwa juu ya pikipiki huangukia kati ya V20 na V29. Kisu kilichomponyoka mtu kikamkata ni W26, bali kilichokusudiwa na adui ni X99. Tofauti hizi si za makarani pekee. Aliyeumwa na mbwa huhitaji kinga ya kichaa cha mbwa bila kuchelewa, na aliyeshambuliwa atachukua fomu ya polisi iitwayo P3, ambayo tabibu huijaza ili mahakama ipime kama madhara yale ni ya kawaida, ni makubwa, au ni ya kulemaza. Kesi ikisikizwa baada ya miezi mingi, jeraha limekwisha kufunga, na kinachobaki kutoa shahada ni daftari.

Kisha habari hizi husafiri. Majeraha ya barabarani, ya kuumwa na wanyama na ya ugomvi hujumlishwa kila mwezi, na tangu mwaka 2011 hesabu za vituo vya afya vya Kenya huingizwa katika mfumo mmoja wa taifa, ambamo kaunti hutazama inapopanga chanjo, dawa na watumishi. Malipo nayo hufuata maandishi: Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoshika mahali pa bima ya afya ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipa kwa madai yanayoeleza ugonjwa na matibabu. Anayeandika pungufu humnyima mgonjwa haki yake, na anayezidisha huiba mali ya umma.

Kwa hiyo nawasihi matabibu na wauguzi wetu, hata foleni ikiwa ndefu, wasiache kuandika mambo haya: goti lipi, urefu na kina, kilichokutwa ndani, chanzo, saa ya tukio, chanjo iliyotolewa, na siku ya kurudi. Nawe msomaji, ukifikwa na jeraha, sema kweli yote bila haya, hata kama chanzo ni ugomvi wa nyumbani, kwani siri yako inalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Lihifadhi daftari lako, na usiondoke kabla ya kuuliza yaliyoandikwa humo. Ni haki yako.