Nani Anamsubiri Msomi Anayerudi Mwanza?

Wakulima wa pamba wa Usukuma, miaka ya 1940, walikuwa na lalamiko moja lililozidi mengine yote: mizani. Mkulima alihangaika na mzigo wake kutoka kijijini, akaufikisha kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo huyo ndiye aliyepima, akasoma na kutaja uzito. Hatimaye wakulima walichangishana fedha, wakaajiri wapimaji wao wa kusimama vituoni na kuhakiki kila mzigo kabla haujapokelewa. Katika harakati hizo vikakua vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa.

Mmoja wa vijana waliokuwa mstari wa mbele ni Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, aliyewahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza mwaka 1947. Mwaka 1953 alisafiri kwenda Uingereza, akasomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi hakuwa na muda wa kutafuta wazo la biashara. Mwaka 1955 shirikisho la vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions, lilikuwa limesimama na yeye ndiye meneja wake mkuu. Mwaka uliofuata lilikuwa na kinu chake cha kuchambua pamba huko Kasamwa, Geita, na kufikia wakati wa uhuru karibu pamba yote ya kanda hiyo ilipita mikononi mwake.

Bomani baadaye alikuwa waziri wa fedha, kisha balozi wa Tanzania nchini Marekani, na kwa kawaida anakumbukwa kwa vyeo hivyo. Lakini kwa kijana wa leo anayemaliza shahada ughaibuni na kuwaza kufungua biashara nyumbani, miaka ile ya mwanzo ina mafunzo zaidi. Aliondoka akijua kasoro aliyokwenda kuisomea. Waliobaki Mwanza walikuwa na kazi inayomsubiri.

Msomi wa sasa anarudi katika mji uliobadilika sana. Kata ya Mirongo, katikati ya jiji, inapumua biashara tangu asubuhi: maduka ya jumla, vipuri, mafundi, mama lishe, na mto wenye jina hilo hilo ukipita kati ya majengo kuelekea Ziwa Victoria. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa ambalo wanunuzi wake hutoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Hivi karibuni umbali wenyewe umepungua: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri foleni ya kivuko.

Kwa hiyo fursa zipo, na kila semina ya wanadiaspora huzitaja. Tuseme basi kuna binti wa Mirongo aliyesomea teknolojia ya chakula katika chuo kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Anajua kwamba dagaa wanaoanikwa mchangani huingia mchanga, na mvua ikinyesha huoza na kuishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Anajua wakianikwa juu ya chanja au ndani ya kikaushio cha jua hubaki safi na kuuzwa kwa bei nzuri. Ana akiba ya dola 15,000. Je, aanzie wapi?

Aanzie Brela, wakala wa usajili wa biashara, ambako usajili wa kampuni siku hizi hufanyika kwa mtandao, mradi awe na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Afuate namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri, na kibali cha shirika la viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Hapo wengi hulalamika kuhusu urasimu, na si uongo, ila hatua hizi zina mwongozo na zina mwisho. Ugumu wenyewe uko kwenye mtaji. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilishusha kiwango cha chini kwa mwekezaji Mtanzania anayetaka cheti na nafuu zake kutoka dola 100,000 hadi 50,000. Binti wetu bado hafikii. Upande wa chini kuna mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, lakini wanawake na vijana huipata kwa vikundi, naye amekaa nje miaka sita na hana kikundi. Benki nayo itaulizia dhamana, yaani nyumba au kiwanja. Juu hafiki, na chini haingii.

Kama katika miaka hiyo sita alichukua uraia wa Uholanzi, mambo yanakuwa mazito zaidi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Akishakuwa raia wa nje, sheria ya ardhi inamhesabu mgeni, na mgeni hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Amri iliyotolewa Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha za simu, ukarabati wa simu, saluni, ununuzi wa mazao shambani, na viwanda vidogo. Amri hiyo ilitokana na kilio cha wafanyabiashara wazawa dhidi ya wageni waliovamia biashara ndogo, na kilio hicho kilikuwa na sababu. Lakini maneno “asiye raia” hayamuulizi mtu babu yake alizikwa wapi.

Serikali imejaribu kulitatua tatizo hilo kwa njia ya kati. Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria za uhamiaji na ardhi ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje wapewe hadhi maalumu, ikiwemo nafasi ya kumiliki ardhi kwa masharti. Wapo wanadiaspora waliotaka uraia pacha kamili na wanaoiona hadhi hiyo kama chai isiyo na sukari. Hata hivyo, kwa anayetafuta kiwanja cha kuweka mashine, chai hiyo ina faida kuliko mjadala wa miaka ishirini.

Nje ya Tanzania, mbinu za kuwasaidia wanaorudi zimejaribiwa kwa namna nyingi. Maarufu ni mashindano ya African Diaspora Marketplace yaliyoanzishwa mwaka 2009 na shirika la misaada la Marekani, USAID, pamoja na kampuni ya Western Union. Waliotuma maombi walikuwa 733, waliofika fainali Washington Januari 2010 walikuwa 58, na walioshinda 14, kila mmoja akipewa ruzuku ya hadi dola 100,000. Mshiriki alitakiwa kuchangia rasilimali zake na kuwa na mshirika barani Afrika. Sharti hili la pili lilikuwa na busara kuliko hundi yenyewe. Hata hivyo mashindano yana kasoro moja: mamia walioshindwa walirudi na mawazo yao nyumbani bila ruzuku.

Waholanzi walikwenda taratibu zaidi. Mpango wao wa IntEnt, ulioanza mwaka 1996, uliwalenga wahamiaji waliotaka kufungua biashara katika nchi kama Ghana, Moroko na Suriname. Mhusika alipata mafunzo akiwa bado Uholanzi, akaandika mpango, akaenda nyumbani kuupima sokoni, na akishaanza alipata mshauri wa huko huko. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kugundua wazo lake halilipi kabla hajaacha kazi na kufunga mizigo. Dola elfu mbili zilizotumika kwa safari ya upelelezi zinaweza kuokoa akiba ya miaka kumi.

Waliofanikiwa katika ukanda wetu nao wana jambo la kuonyesha. Benjamin Fernandes alisoma Stanford, akarudi Dar es Salaam na kuanzisha NALA, programu ya kurahisisha malipo ya simu. Biashara hiyo ilipata sura mpya ilipogeukia kutuma fedha kutoka Uingereza, na baadaye Marekani na Ulaya, kuja Afrika Mashariki. Julai 2024 ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 40. Andrew Rugasira wa Uganda, msomi wa Chuo Kikuu cha London, alinunua kahawa kwa wakulima wa Kasese na kubisha hodi kwa wenye maduka makubwa ya Uingereza hadi Good African Coffee ikawekwa kwenye rafu. Wote wawili waliitumia vizuri bidhaa ambayo mkazi wa nyumbani hana: kuijua nchi ya pili kwa ndani. Ndiyo maana msaada unaoishia kumwambia mhitimu “rudi, tutakupa mkopo” humpotezea nusu ya thamani yake. Mtu anayejua nani hununua dagaa safi huko Rotterdam, na wanataka karatasi zipi, ni mali hata akiwa bado Rotterdam.

Mwanza ina karibu kila kiungo kinachohitajika. Ofisi ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, iko Nyakato, na barua yake ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo kupata alama ya ubora ya TBS bila malipo katika miaka ya mwanzo. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo jijini. Chuo cha uvuvi na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino viko Nyegezi.

Kinachobaki ni kuviunganisha, na kuna njia moja ambayo binti wa Wageningen angeweza kuijaribu bila kusubiri sera mpya. Kina mama wanaoanika dagaa Mwaloni wana vikundi, wanakopesheka halmashauri, na wanajuana kwa miaka na wenye mitumbwi. Wanachokosa ni kikaushio kinachofanya kazi msimu wa mvua na mnunuzi anayelipa kwa ubora badala ya gunia. Kikundi kikope chanja na mitambo, yeye alete utaalamu na oda ya kwanza, waandikiane mkataba wa bei kwa msimu mmoja. Na kabla ya kusaini, wakubaliane pia ni nani atakayesimamia mizani.