Uso wenye kasoro usifiche shida ya macho

Mtoto anapozaliwa na mashavu yaliyobonyea, taya dogo au sikio lisilokamilika, wazazi hujiuliza atakula vipi na atasikia vipi. Majirani nao hawakosi la kusema. Macho husahaulika.

Kasoro hizi huanza katika wiki za mwanzo za mimba, mifupa ya uso inapokosa kukua ipasavyo. Si laana wala kosa la mama. Mojawapo ni ugonjwa wa Treacher Collins, unaokadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 50,000. Umepewa jina la Mwingereza aliyeueleza mwaka 1900, na huyo alikuwa daktari wa macho. Pembe za nje za macho huinamia chini, na ukope wa chini mara nyingi huwa na pengo. Macho yasipofumba vizuri usiku, kioo cha jicho hukauka, kikachubuka na hata kubaki na kovu. Matone ya kulainisha mchana na marhamu wakati wa kulala hukikinga. Pengo kubwa huhitaji upasuaji.

Watoto wengine huwa na uso mdogo upande mmoja tu. Baadhi yao huota kinyama cheupe au cha manjano ukingoni mwa kioo cha jicho. Si saratani, na kwa kuwa kwa kawaida hakiumi, watu hukipuuza. Lakini kinaweza kupinda kioo, mtoto akaona ukungu kwa jicho hilo. Ubongo nao hauna subira: hulitupa jicho hilo na kutegemea lile zuri. Mtoto halalamiki, maana hajui kuona kwingine.

Tiba ni miwani, pamoja na kuziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Mtoto atalia na kubandua plasta, usikate tamaa. Tiba hii hufaa zaidi kabla ya miaka 7. Kukiondoa kinyama akiwa mkubwa hurekebisha sura, si uwezo wa kuona uliopotea.

Kwa hiyo usingoje upasuaji wa taya. Mpeleke kliniki ya macho angali mchanga, hasa kwa kuwa wengi wa watoto hawa husikia kwa shida na hutegemea kutazama midomo ya wanaosema. Na sikio likiwa dogo mno kushika miwani, mwombe fundi aweke utepe wa mpira unaozunguka kisogo.