Jua la Utosi Karagwe: Mwalimu na Apime Kwanza

Ni kawaida kusema kwamba saa 6 mchana jua huwa utosini na vivuli hutoweka. Lakini mwalimu wa Kayanga wilayani Karagwe, au wa Murongo wilayani Kyerwa, akiyaandika maneno hayo ubaoni mwezi wa Juni, mwanafunzi yeyote aweza kutoka nje na kuona kwamba si kweli. Saa 6 kamili kivuli cha mlingoti kipo, tena urefu wake unazidi nusu ya mlingoti wenyewe. Mwalimu ambaye hajapata kupima kivuli atamnyamazisha mtoto huyo, naye mtoto atajifunza kwamba katika sayansi maneno ya ubaoni yana nguvu kuliko aliyoyaona kwa macho yake. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwanachuo wa ualimu wa shule ya msingi apime kivuli yeye mwenyewe kabla hajakabidhiwa darasa.

Vifaa ni rahisi: fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa sentimita 100 juu ya ardhi, uzi uliofungwa jiwe, utumike kama timazi ya mwashi ili fimbo isimame wima, vijiti vidogo, na saa. Uwanja uwe tambarare. Kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana, kila baada ya dakika 5, kijiti huchomekwa penye ncha ya kivuli. Kijiti kilicho karibu zaidi na fimbo ndicho kinachoonyesha adhuhuri, yaani wakati jua linapofika juu kabisa siku hiyo. Wanachuo waangalie kivuli tu. Jua lenyewe lisitazamwe kamwe, kwani huharibu macho.

Jambo la kwanza litakaloonekana ni kwamba adhuhuri ya Karagwe huwa karibu na saa 7. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, na Karagwe iko karibu na digrii 31. Tofauti ya digrii 14 ni sawa na dakika 56. Tena, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama, na njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, adhuhuri husogea kidogo mwaka mzima. Katikati ya Februari huwa kiasi cha saa 7 na dakika 10. Mwanzoni mwa Novemba, kiasi cha saa 6 na dakika 40.

Jambo la pili huhitaji subira. Karibu na tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri huko Kayanga huwa na sentimita 46 hivi, nacho huelekea kusini. Karibu na tarehe 21 Desemba huwa sentimita 40 hivi, kikielekea kaskazini. Jua la utosi hasa hupatikana mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Desemba ni wakati wa mvua, lakini kivuli cha adhuhuri hubadilika kidogo mno katika juma hilo, hata siku yoyote yenye jua itafaa.

Wanachuo wachore fimbo na kivuli kwa kipimo, kisha wapime kwa kipimapembe pembe iliyo kwenye ncha ya fimbo. Watapata digrii 25 hivi kwa Juni na 22 kwa Desemba. Mtu aliye kwenye Ikweta hupata pembe mbili zilizo sawa, kila moja ikilingana na mwinamo wa mhimili wa dunia. Anaposogea kusini, pembe ya Juni huongezeka na ya Desemba hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo nusu ya tofauti, digrii 1.5, ndiyo latitudo ya Kayanga. Na nusu ya jumla, digrii 23.5, ndio mwinamo wa dunia. Huko Murongo, karibu na mpaka wa Uganda, tofauti itakuwa ndogo zaidi.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, alitegemea vyombo vya kupimia jua na nyota ili ajue mahali alipo. Mwanachuo wa leo aweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa fimbo na uzi.

Hata hivyo, kosa la sentimita 1 katika kivuli huleta kosa la karibu nusu digrii. Basi vikundi vilinganishe majibu, na yasipolingana yasifutwe, bali itafutwe sababu: huenda fimbo imeinama, au uwanja una mteremko. Mwalimu aliyepitia kazi hiyo, akiulizwa na mtoto mbona kivuli kipo saa 6, hatamkemea. Atamwambia achukue fimbo, watoke nje wakapime.