Jarida Lililozimika Nairobi: Miaka 24 ya The Weekly Review

Mwaka 1999 jarida la The Weekly Review, lililokuwa likitolewa Nairobi katika nchi jirani ya Kenya, lilikoma kuchapishwa. Lilikuwa limedumu miaka 24. Halikupigwa marufuku na serikali, wala mhariri wake hakutiwa kizuizini. Lilizimika kwa sababu wasomaji na watoaji wa matangazo ya biashara walikuwa wameliacha. Sababu zilizowafanya waliache zinastahili kuelezwa, na hasa kwa askari wa jeshi na polisi, ambao kazi yao huwalazimisha kuyajua mambo ya jirani kama yalivyo na si kama yanavyovumishwa.

Mwanzilishi wa jarida hilo alikuwa Hilary Ng'weno, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938 na kusomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliporejea nyumbani aliiacha fizikia akashika kalamu, na katikati ya miaka ya 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Daily Nation. Mwaka 1973 alishirikiana na mchoraji Terry Hirst kuanzisha Joe, jarida la vichekesho lililoyatazama maisha ya mtu wa kawaida mjini. Februari 1975 akatoa The Weekly Review, kwa lugha ya Kiingereza na kwa mpango uliofanana na ule wa Time na Newsweek za Marekani. Ni kweli kwamba jarida la Kiingereza halikumfikia mkulima wa Kisii wala mvuvi wa Lamu. Lakini lilisomwa na wabunge, makarani, walimu, mawakili na maofisa, na yaliyoandikwa humo yalisimuliwa tena kwa Kiswahili mabaraza kwa mabaraza.

Jarida lilikuwa na umri wa majuma machache tu lilipokabiliwa na mtihani wake wa kwanza. Machi 2, 1975, Mbunge Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana zaidi kwa jina la J.M., alitoweka baada ya kuonekana katika hoteli ya Hilton mjini Nairobi. Maiti yake iliokotwa katika milima ya Ngong na kupelekwa katika chumba cha maiti cha jiji, ikalala humo bila jina hadi jamaa zake walipoitambua Machi 11. Katika siku hizo chache uvumi ulitawala. Gazeti la kila siku lenye sifa kubwa lilichapa habari kwamba J.M. yuko Zambia, hali mtu huyo alikuwa amekwisha kuuawa. Baadaye Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ya Juni 1975 ilizungumzia waziwazi mwenendo wa baadhi ya maofisa wa juu wa polisi.

Katika mkasa huo ndipo The Weekly Review lilipojipatia jina. Halikudai kuwajua wauaji. Liliyapanga matukio: nani alionekana wapi, siku gani, akiwa na nani, nani alisema nini bungeni na nani alimkanusha. Kila askari aliyewahi kuandika maelezo ya shahidi katika kituo cha polisi anaijua kazi ya namna hiyo. Maneno mia ya hasira hayamsaidii mpelelezi, lakini saa moja iliyoandikwa sawasawa humsaidia. Wakenya waliokuwa wamechoshwa na tetesi walipata mahali pa kusoma jambo tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo wakalizoea.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mambo mengi ya kuandikwa. Mwaka 1976 baadhi ya wanasiasa wa chama cha KANU walitaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja endapo Rais angefariki. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akaonya kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa kubwa mbele ya sheria. Mhariri angeliandikaje suala la urithi wa madaraka katika hali hiyo? Ng'weno alipata njia. Aliwaeleza wanasiasa kwa majina yao, makundi yao, mashina yao ya kura na ugomvi wao wa zamani, akamwachia msomaji ajumlishe mwenyewe. Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa, Agosti 22, 1978, na Makamu wake Daniel arap Moi akashika nchi kwa amani, wasomaji wa jarida hilo walikuwa wamekwisha kuwajua wahusika wote.

Kisha likaja jaribio la Agosti 1, 1982, ambalo wanajeshi wengi wa Afrika Mashariki wamelisikia. Askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga la Kenya waliiteka Sauti ya Kenya, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kwa saa chache redio ya taifa ilisema uongo kwa mtutu wa bunduki, mpaka vikosi vya nchi kavu vilipoikomboa. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, alitorokea Dar es Salaam kwa ndege ya kijeshi, na Novemba 1983, wakati mpaka wa Kenya na Tanzania uliokuwa umefungwa tangu 1977 ulipofunguliwa, alirudishwa kwao. Alinyongwa mwaka 1987. Kwa wananchi waliokuwa wameisikia redio yao ikisema mambo mawili yanayopingana katika siku moja, maelezo yaliyoandikwa kwa utulivu, na taarifa za mahakama za kijeshi zilizofuata, yalikuwa na thamani ya pekee. Redio hutoa habari ya saa ile. Jarida la kila juma hupata nafasi ya kupima.

Hata hivyo, wakati sifa yake ilipokuwa juu, ufa ulikuwa umekwisha kuanza, na ufa huo ulikuwa wa fedha. Bei anayolipa msomaji haitoshi kulipia karatasi, wino na mishahara. Mzigo mkubwa hubebwa na matangazo ya biashara. Katika nchi ambamo mashirika ya umma ni watoaji wakubwa wa matangazo, serikali haina haja ya kumfunga mhariri. Yatosha matangazo yahamishwe. Mwaka 1977 Ng'weno alikuwa ameanzisha pia The Nairobi Times, gazeti lililomlemea kwa gharama. Mwaka 1983 aliliuza kwa chama tawala cha KANU, nalo likageuzwa kuwa Kenya Times. The Weekly Review likabaki mikononi mwake, lakini limejifunza woga. Wakosoaji wake walisema kwamba tangu hapo uangalifu ulizidi, na mtu akiyasoma majalada ya miaka hiyo haoni kwamba wamemwonea sana.

Wengine wakaingia mahali palipoachwa wazi. Mwaka 1987 wakili Gitobu Imanyara alianzisha The Nairobi Law Monthly. Beyond, jarida la makanisa, liliandika kinaganaga habari za uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule ambao wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea. Likapigwa marufuku mwaka huo huo. Yakafuata Society na Finance. Haya hayakuwa na utulivu wa The Weekly Review, na mara nyingine hayakuwa na usahihi wake. Lakini yalisema kwa sauti yale ambayo jarida kongwe liliyanong'ona. Polisi waliyakamata kwa wauzaji wa barabarani, na mwaka 1993 walivamia mtambo wa kampuni ya uchapaji ya Fotoform. Kila nakala iliyokamatwa iliongeza hamu ya kuitafuta nyingine. Askari aliyetumwa kukusanya magazeti hakuambiwa kwamba alikuwa akiyafanyia matangazo bora kuliko ambayo wenye magazeti wangeweza kuyalipia.

Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa, na mwaka uliofuata vyama vingi vikashindana katika uchaguzi. Ungedhani kwamba huo ungekuwa wakati wa mavuno kwa jarida la siasa. Ikawa kinyume. Ustadi wa The Weekly Review ulikuwa wa kuandika mlango ukiwa umefungwa, kwa kumwachia msomaji ufunguo. Mlango ulipofunguliwa, ufunguo haukuwa na kazi. Magazeti ya kila siku yalianza kutoa uchambuzi mrefu kila Jumapili, bila kumngojesha mtu juma zima. Televisheni ya KTN ilikuwa imeanza mwaka 1990, na katikati ya muongo huo redio za watu binafsi zikaingia. Juu ya hayo, wasomaji wengi wa upande wa upinzani waliamini kwamba jarida lilikuwa limeegemea serikali ya Moi. Mshika mbili moja humponyoka: lilichunga lisiwaudhi wakubwa, likapoteza wale waliolinunua ili wajue ambayo wakubwa hawakupenda yajulikane. Mtoa matangazo naye huwafuata wasomaji.

Ng'weno aligeukia televisheni, akatengeneza filamu za historia ya Kenya kuhusu watu na matukio yale yale aliyoyaandika akiwa kijana. Alifariki Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 83. Majalada ya The Weekly Review yamo katika maktaba, na wanahistoria wanaoandika juu ya Kenya ya Kenyatta na ya Moi huyategemea kwa tarehe, majina ya wabunge na mwenendo wa kesi.