Fahamu: Kamera za ulinzi katika jengo kubwa hupangwaje?

Septemba 21, 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67. Picha za kamera za jengo hilo baadaye zilitumika mahakamani.

Ili kupata picha zinazofaa hivyo, wenye majengo huanza kwa kuuliza kamera ngapi zinahitajika. Hilo lilipaswa kuwa swali la mwisho. Kwanza, kila kamera inatakiwa ionyeshe nini? Kuona kwamba kuna mtu ni jambo moja, kumtambua kwa sura ni jingine kabisa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilipendekeza pikseli 250 kwa kila mita ili mtu usiyemjua atambulike. Maana yake, kamera yenye upana wa pikseli 1,920 inafaa eneo lenye upana wa mita 7.7 tu. Ielekeze mlangoni, si kwenye uwanja mzima wa maegesho.

Kisha hifadhi ya picha, ambako bajeti nyingi hukwama. Kamera inayorekodi megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 60 kwa siku 30 ni terabaiti 78 hivi. Waya wa mtandao kutoka kwenye kamera usizidi mita 100 bila swichi, na umeme ukikatika (si habari ngeni kwetu) swichi na kinasa picha viwe na betri ya akiba.

Vyooni, kamera ni marufuku. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ina ya 2022, kwa hiyo weka bango linaloonekana la kuwaarifu watu kuwa kuna kamera.

Na kabla hujamlipa fundi, dai akuonyeshe picha zilizorekodiwa usiku.