Mbio za Baiskeli na Amri ya Tano

Wengi wetu twaijua baiskeli kuwa chombo cha kwendea shuleni, sokoni au kanisani. Lakini wako watu wanaoipanda mchana na usiku, hata majuma mawili na zaidi, wakivuka nchi nzima kwa nguvu za miguu yao. Mashindano hayo yana sheria moja ngumu: saa haisimami. Mwenye kulala, wakati wake wahesabiwa. Mwenye kula, vivyo hivyo. Tena barabara haifungwi kwa ajili yao. Hupita kati ya motokari na malori.

Tutazame yaliyotokea Australia mwaka 2017. Tarehe 18 Machi washindani waliondoka Fremantle, kwenye Bahari ya Hindi, ili wafike Sydney, kwenye Bahari ya Pasifiki, safari ya kilometa 5,500 hivi. Kati yao alikuwamo Mike Hall, Mwingereza, aliyeanzisha mashindano ya Transcontinental ya kuvuka Ulaya mwaka 2013. Hakuwa mgeni wa barabara. Tarehe 31 Machi, siku ya 14, alikuwa wa pili, akimfuata Kristof Allegaert wa Ubelgiji. Asubuhi hiyo, kabla ya kupambazuka, motokari ilimgonga karibu na Canberra, naye akafa. Mashindano yakakomeshwa. Katika uchunguzi wa kifo chake yalitajwa mavazi yake ya rangi ya giza, na jinsi ilivyokuwa vigumu kumwona.

Mwezi wa Julai mwaka uleule, Transcontinental ilianzia Geraardsbergen, Ubelgiji. Usiku wa kwanza mshindani mmoja aligongwa na motokari, akafa.

Tunajifunza nini? Motokari yenye mwendo wa kilometa 100 kwa saa hupita meta 28 hivi kwa sekunde moja. Dereva akimwona mpandaji alipobakiza meta 30 tu, amekwisha chelewa. Kwa hiyo taa ya nyuma na nguo yenye kung'aa si mapambo. Tena mwili ulionyimwa usingizi hudanganya macho na akili. Huko Marekani, katika Race Across America iliyoanza mwaka 1982, usiku motokari ya wasaidizi hufuata nyuma ya mpandaji na kummulikia njia. Lakini katika mashindano ya Transcontinental kila mtu hujitegemea. Hana mlinzi ila taa zake na busara yake.

Sisi hatushindani kuvuka Ulaya. Lakini tazameni wachukuzi wa makala wanaoingia Lubumbashi wakisukuma baiskeli zenye magunia mazito, tazameni na wanafunzi wanaorudi nyumbani jua limekuchwa. Sisi husema kinga badala ya baiskeli. Hata hivyo kinga hiyo haimkingi asiyeonekana.

Amri ya Tano yatuagiza kutunza uhai wetu na wa jirani. Yampasa dereva kupunguza mwendo gizani, kwa maana yule aliye mbele yake ni mtoto wa mtu. Yampasa mpandaji kuwasha taa, kuvaa nguo nyeupe, na kupumzika achokapo. Ninyi wazazi, kabla ya kumnunulia mtoto kengele, mnunulieni taa. Tumwombe Malaika Mlinzi atusindikize njiani, wala tusimwachie yeye kazi iliyo yetu.