Pasipoti Mpya, Jina la Baba

Tarehe 26 Agosti 2003, mjini Paris, kijana wa Keiyo alishinda mbio za ubingwa wa dunia za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wa pili alikuwa Ezekiel Kemboi wa Kenya, na nyuma yao alikimbia nduguye wa kuzaliwa naye, Abraham Cherono, naye akiwa na jezi ya Kenya. Mshindi huyo alijulikana kwa jina la Stephen Cherono hadi mwanzoni mwa mwezi ule ule. Paris alitangazwa kuwa ni Saif Saaeed Shaheen, raia wa Qatar.

Wengi nchini walisema ameuza nchi. Mwaka uliofuata Kenya haikumpa idhini ya kushindana katika Olimpiki ya Athens, na siku chache baada ya michezo hiyo kumalizika akaweka rekodi ya dunia mjini Brussels, dakika 7 na sekunde 53.63, rekodi iliyodumu hadi 2023.

Sisi hatumlaumu kwa kuondoka. Kuanzia Mlaleo hadi Mtopanga, ni nyumba gani isiyo na mtu wake aliyeko Ghuba kutafuta riziki? Linalotukera ni jina. Katika jina hilo jipya hamna Cherono hata kidogo.

Na hapa Waislamu tuna la kusema, kwa kuwa waliompa jina hilo ni ndugu zetu katika dini. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume (S.A.W.) hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka Sura ya Al-Ahzab ikaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Bilal alibaki Mhabeshi, Salman akabaki Mfursi. Basi kumfuta baba wa mtu ili apokee uraia si sharti la dini yetu. Tunaliona ni jambo la biashara ya medali tu. Na wala si lazima liwe hivyo. Bi Winfred Mutile Yavi, mzaliwa wa Makueni, anaikimbilia Bahrain. Alishinda dhahabu ya dunia mwaka 2023 na ya Olimpiki mwaka 2024, na bado ni Mutile.

Wenyeji wa Kisauni jambo hili si geni kwetu. Hapa Kengeleni, mwaka 1875, wamishonari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi walibatizwa kwa majina ya Kizungu. Wajukuu wao ni Wakenya kamili, lakini wamo wasioweza kutaja kijiji cha babu wala jina aliloitwa na mamake.

Mo Farah, aliyeipa Uingereza dhahabu mbili London mwaka 2012, alifichua mwaka 2022 kwamba jina hilo lilikuwa la mtoto mwingine. Aliingizwa Uingereza utotoni kwa karatasi zisizo zake. Yeye ni Hussein Abdi Kahin. Mwanawe wa kiume amemwita Hussein.

Enzi za Cherono, Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, imeliondoa hilo kwa mzaliwa, na waliopoteza zamani wanaweza kuomba warudishiwe. Ila sheria ya 2011 yataka uraia wa pili utangazwe ndani ya miezi mitatu. Riadha nayo, tangu 2018, hairuhusu mwanariadha kuhamia timu ya nchi nyingine kabla ya miaka 20, na humtaka angoje miaka mitatu.

Hata hivyo, haki hizo ni za mwenye karatasi. Vijana wetu wenye majina ya Kiarabu wameulizwa mara ngapi cheti cha babu ndipo wapewe kitambulisho? Taifa linalomsuta mkimbiaji aliyehama lingeanza kwa kumtambua asiyekwenda popote.

Kina mama ambao wana wao wanacheza mpira au kukimbia, tunawaomba wakitazame cheti cha kuzaliwa mapema, herufi kwa herufi: jina la mtoto, la baba, la babu. Akija wakala na fomu ambayo jina mojawapo limebadilishwa au umri umepunguzwa, isitiwe sahihi.